Vidole Saba

Wakili wa kampuni alisema nimetia chumvi.
Kweli, mheshimiwa. Nimetia chumvi miaka kumi na mmoja,
kwa koleo, kwa toroli, kwa gunia la kilo hamsini,
kule Gongoni, ambako jua hukupiga kutoka chini,
hadi siku mkanda wa mtambo ulipokamata glavu
na glavu ikakataa kuniachia vidole.

Vitatu. Cha shahada, cha kati, cha pete.
Mwaringa alizima swichi kwa mpini wa ufagio.
Pete haikuonekana.
Labda ilishonewa guniani, ikaenda bara.

Hayo hayakuulizwa kortini Malindi.
Kilichoulizwa ni mlango.
Hakimu wa kwanza, mwaka wa kwanza:
huu si mlango wako, nenda kwa Mkurugenzi.
Mkurugenzi akaandika barua, tarehe mbili Aprili,
kwamba nilichopoteza ni asilimia kumi na mbili ya mtu,
na asiyeridhika ana siku sitini.

Barua ikalala katika sanduku la posta la shule,
maana sisi Marereni hatuna sanduku letu,
na mwalimu mkuu alikuwa likizo kwao Taita,
na ufunguo ulikuwa likizo pamoja naye.

Mimi huhesabu hivi:
naanza na gumba la kushoto, nafika kidole cha mwisho cha kulia,
napata saba.
Saba mara nane, hamsini na sita.
Zinabaki nne zisizo na kidole.
Ndizo nilizochelewa.
Pingamizi langu likarudi na muhuri mwekundu,
NJE YA MUDA,
umepigwa upande, kama mtu aliyekuwa akitoka kwenda kula.

Basi tukapanda kwa jaji.
Si kudai mkono, sikilizeni vizuri,
bali kudai ruhusa ya kuuliza habari za mkono.
Kurasa mia mbili na kumi, nakala nne,
kijana wa kopi karibu na stendi akaniuliza
kama naandika kitabu.
Mara ya kwanza faili haikuonekana masjala.
Mara ya pili jaji alikuwa semina Mombasa.
Mara ya tatu wakili wa kampuni alifiwa,
nami nikampa pole. Akaninyoshea mkono,
akauona wangu,
wake ukarudi mfukoni kutafuta kalamu.

Bi Maimuna Badawy, aliyenisimamia kwa deni,
aliuliza swali moja tu, akakaa:
siku huanza kuhesabiwa kalamu inapoinuka,
au bahasha inapofunguka?

Feni ilikuwa ikilia. Karani akaizima
ili swali lisikike tena.

Uamuzi ulisomwa dakika arobaini.
Mkono wangu ulitajwa mara moja, aya ya tatu,
pale wanaposimulia usuli.
Zilizobaki zote zilikuwa sanduku, ufunguo, tarehe,
vifungu, na neno "hata hivyo"
ambalo kila likipita moyo wangu ulihama upande.
Hata hivyo, barua haimfungi asiyeisoma.
Hata hivyo, mlalamishi naye hakufuatilia.
Hata hivyo, muhuri wa Mkurugenzi unafutwa,
pingamizi lipelekwe upya ndani ya siku kumi na nne.
Kila upande ubebe gharama zake.

Nyevu alikuwa nje, penye ubao wa orodha ya kesi,
anasoma majina ya watu tusiowajua.
"Tumeshinda?"
"Tumeruhusiwa kuanza."
"Kuanza nini? Miaka mitano yote hii tulikuwa wapi?"
Sikuwa na kifungu cha kumjibu.
Akanifungia kifungo cha mkono wa shati, kama kila siku,
akaninunulia mahamri mawili, akala moja na nusu.

Kumi na nne.
Saba mara mbili, hakuna kinachobaki.
Leo Jumanne.
Nikakunja gumba la kushoto.